Tambarare ya Kagabo

Kwetu Masisi ukimwonyesha mtu mahali tambarare, kabla hujamaliza kusema ameshajenga nyumba yake pale kichwani. Tunalima tumeinama upande mmoja, na mpira wa watoto ukiporomoka bondeni tunahesabu umekwenda. Kwa hiyo siku Papa Kagabo alipotoa kipande cha malisho yake, pale kijito cha Kihira kinapotoka kwenye korongo, ili shule ya msingi ijengwe, wanawake walipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakatawanyika. Mfugaji kuwapa wakulima ardhi bila kesi wala kelele si jambo la kila mwaka. Kila mtu alifurahi isipokuwa mimi.

Naitwa Josiane, na kazi yangu ni kuchora milima. Kule chini Walikale kuna daraja ambalo mchanga ulikuwa unalifunika kila msimu wa mvua, na wakubwa wakataka kujua mchanga huo unatoka wapi. Mchanga unatoka kwetu. Basi nikatumwa nyumbani, na kwa miezi saba nilipanda na kushuka bonde la Kihira nikiwa na GPS, kamba ya kupimia na buti zilizotoboka, nikichora kila poromoko na kila korongo. Mahali udongo unapong'oka nilipaka nyekundu. Mahali unapotua nilipaka njano. Mahali mlima unaposimama imara nilipaka kijani.

Tambarare ya Kagabo ilikuwa njano tupu. Ukiitazama kutoka juu utaona umbo la unga uliomwagika kwenye mdomo wa gunia: mwembamba pale korongoni, mpana kule chini. Gunia ni korongo, na unga ni matope na mawe. Na gunia lile halijaisha, kwa maana kule juu nilihesabu maporomoko kumi na moja mabichi yanayongoja mvua ya kuyasukuma.

Mkuu wa shule ni dada yangu mkubwa, Emérence. Mimi namwita yaya, kama tunavyowaita wote waliotutangulia kuzaliwa. Mama alipofariki nilikuwa na miaka tisa, na Emérence ndiye aliyenilea, akanisomesha mpaka Goma kwa maharage ya shamba moja. Tangu shule ya zamani ilipoungua, miaka mitatu sasa, anafundisha watoto mia mbili na kumi chini ya maturubai. Mvua ikija wanasogeana katikati, naye anaendelea kufundisha kwa kupiga kelele. Huyo ndiye mtu niliyepaswa kumwambia asijenge.

"Yaya, pale hapafai," nilimwambia. "Kijito njo kilileta ule udongo wote. Kitarudia."

"Kitarudia lini?"

"Sijue. Mwaka huu, ao nyuma ya miaka makumi tano."

"Miaka makumi tano!" Akanicheka usoni. "Josiane, batoto yangu banalowana leo. Haiko nyuma ya miaka makumi tano. Weye ulienda kusoma Goma, ukarudi na kalamu za rangi, na sasa unataka nikatalie Papa Kagabo juu ya rangi ya manjano? Lete ushahidi. Kama hauna, utuache tujenge."

Nilikasirika, na mimi nikikasirika sili wala silali, nafanya kazi. Nilichukua mawe arobaini ya kijito chenyewe, makubwa kama kichwa cha mtoto, nikayapaka rangi nyekundu, nikayaandika namba, nikayapanga ndani ya korongo kuanzia chini mpaka juu kabisa. Ndivyo tunavyofanya katika kazi yetu: mvua ikinyesha unarudi kutafuta mawe yako, na kila jiwe linakuonyesha maji yamelibeba mpaka wapi. Wazazi wa wanafunzi niliwaeleza. Papa Kagabo sikumweleza, kwani nilijiambia kule juu hupita ng'ombe tu.

Mvua kubwa ilinyesha Alhamisi ya pili ya mwezi wa kumi na moja. Ijumaa asubuhi nilishuka kwenye tambarare, na nikayaona. Mawe ishirini na matatu, mekundu kabisa, yamelala kwenye majani mahali darasa la kwanza lilipopangwa kujengwa. Nilirukaruka peke yangu kama mwehu. Nikapima kila moja lilipo, nikaandika, halafu nikapanda mbio mpaka kwenye maturubai.

Emérence alinisikiliza amesimama, chaki mkononi. Nilipomaliza alikaa kwenye benchi la wanafunzi, katikati yao.

"Basi," alisema mwishowe. "Siku ya Mungu, kisha misa, nitaambia bazazi."

Nilikuwa nimeshinda, na niliona haya kuwa nimeshinda. Sikuwahi kumwona dada yangu amechoka namna ile.

Jumamosi nilirudi kuyasafisha mawe yangu niyapige picha. Nikashika namba kumi na nne, nikaligeuza huku na huku. Rangi ilikuwa nzima. Nikashika namba thelathini na moja: nzima. Jiwe lililobiringishwa mita mia sita ndani ya korongo hutoka limechubuka kila pembe, mfano wa sufuria ya msibani. Haya yangu yalikuwa yanang'aa kama siku nilipoyapaka. Nisijidanganye: Ijumaa pia niliona. Niliona, nikageuza macho.

Nilimkuta Papa Kagabo nyumbani kwake akikamua maji kwenye jibini, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mnene, mpenda mzaha, na siku hiyo hakutania.

"Ile majiwe nyekundu?" alisema. "Miye njo niliishusha. Miye na bachungaji yangu, ndani ya magunia."

"Papa Kagabo! Juu ya nini?"

"Unaniuliza? Nilitoa udongo ya chini kwa masomo, kwa roho safi. Nyuma ya juma mbili naona majiwe ya rangi, iko na numero, inapanda ndani ya korongo mupaka kule ng'ombe yangu inakunywaka maji. Hapa kwetu jiwe ya rangi ni jiwe ya mupaka, mutoto wangu. Hata mutoto wa miaka tano anajua. Nikasema: eh, nilibapatia kiti, sasa banataka na kitanda! Lakini sikutaka maneno. Bantu balikufaka juu ya mupaka. Zile tuliona, nikazishusha kimya, nikazitupa kule kwenye nilitoa."

Nilikaa chini palepale, kwenye ndoo iliyopinduliwa. Kosa lilikuwa langu, lote. Mimi mzaliwa wa hapa, niliyekua nikisikia kesi za mipaka kabla ya kujua kuhesabu, nilipanga mawe mekundu yenye namba kwenye malisho ya mtu, nikaenda kulala. Nikamweleza mawe yalikuwa ya nini. Alisikiliza huku akikandamiza jibini.

"Kwa hiyo ukisema ni muto njo uliyaleta," alisema polepole, "bantu batasema Kagabo alitoa udongo ya kuua batoto ya benyewe."

"Nikisema ni weye, batasema sina ushahidi."

"Njo vile." Akafuta mikono. "Niambie kweli. Pale ni pabaya?"

"Ni pabaya, Papa."

"Na pazuri iko wapi? Muntu hawezi kuniambia nisilale hapa, kisha asinioneshe pa kulala."

Nilikunjua ramani. Nilitaka kumwonyesha kwamba hakuna, kwamba sehemu zote za kijani ni mteremko ambao mbuzi mwenyewe hujikaza kusimama. Lakini Kagabo amechunga milima hii maisha yake yote. Kidole chake kilipanda juu ya karatasi, kikapita maporomoko, kikafika kwenye bega la mlima juu ya kanisa, kikasimama.

"Hapa hukupaka rangi," alisema.

Nilianza kuikunja ramani, akaishikilia.

"Hapa ni sawasawa, hapaporomoke hata siku moja. Hapa si kwa mama yenu?"

Ndiyo, ni kwa mama yetu. Ni lile shamba la maharage lililonisomesha, na ambalo mpaka leo ndilo linalopika nyumbani kwa Emérence na watoto wake watano. Tangu mwezi wa tano nilijua kwamba katika bonde zima la Kihira hakuna mahali pengine palipo imara na penye nafasi ya kutosha shule. Nilipima mara tatu, jibu likawa lilelile. Na katika ramani niliyompa dada yangu, pale palipopaswa kuwa kijani niliacha peupe. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu. Mimi ambaye nilikuwa tayari kumnyang'anya dada yangu shule yake, sikuwa tayari kumnyang'anya shamba.

"Miye yangu nilitoa," alisema Papa Kagabo, akarudi kwenye jibini yake.

Jumapili baada ya misa wazazi walibaki uani. Emérence alinipa nafasi niseme. Ningeweza kunyamaza kuhusu ile rangi nzima. Mawe yalikuwa palepale, kila mtu ameyaona, na watoto wangeokoka kwa uongo wangu. Lakini uongo huo ungemwangukia Kagabo, na kwetu jina likishachafuka kwa mambo ya ardhi halisafishiki kwa sabuni yoyote. Nikapiga moyo konde.

"Mawe hayakuletwa na maji," niliwaambia. "Yalibebwa na watu. Yale mawe si ushahidi wa kitu."

Kikazuka kicheko. Kilianzia nyuma kwa wanaume, kikaja mbele. Papa Kagabo alisimama.

"Miye njo niliyabeba," alisema. "Nilifikiri ni ya mupaka. Munichekee miye, musimuchekee yeye."

Walicheka zaidi, lakini kicheko kilikuwa kimegeuka, sasa hakikuuma. Dada yangu peke yake hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu kwa hasira.

"Uliniambia una ushahidi," alisema mbele ya watu wote. "Siku mbili sikulala. Sasa kesho tunaanza musingi."

"Yaya, anzeni na shimo ya choo."

"Nini?"

"Masomo haiwezi kukosa choo. Shimo mutachimba tu. Mutangulie nayo. Udongo ule ulikuja pale siku fulani, na ndani yake mutasoma ulikuja namna gani. Mimi mwenyewe nitachimba. Tukifika metre mbili na tukute udongo muzuri tu, nitapasua ile karte yangu ya rangi mbele yenu na nitabeba matofali mupaka paa ipande."

Watu walimtazama mkuu wa shule. Yeye alinitazama mimi, kama alivyokuwa akinitazama utotoni nilipokataa uji.

"Siku tatu," alisema. "Ya ine, musingi."

Jumatatu kabla jua halijatoka juu ya mlima nilikuwa pale na jembe, sururu na Papa Barthélemy, ambaye amechimba vyoo vya kilima kizima na huongea na udongo kuliko anavyoongea na watu. Sentimita arobaini za kwanza zilikuwa udongo mweusi, mtamu wa kulimika. Barthélemy alinitazama kwa huruma. Halafu sururu ikalia. Tuliingia kwenye mawe: makubwa kwa madogo, yamechanganyika na tope bila mpangilio.

"Muto ukileta majiwe polepole, unaipanga," alisema Barthélemy. "Hii haikupangwa. Hii ilimwangwa."

Nilitaka kumkumbatia. Emérence alipita mchana na wanafunzi wake, akachungulia, akasema majiwe yako kila mahali Masisi, akaenda zake.

Jumanne ilinyesha, tukashinda tunachota maji kwa ndoo. Viganja vyangu vilitoa malengelenge, yakapasuka, nikavifunga vitambaa nikaendelea. Chini ya mawe tulikuta tena udongo mweusi, kiasi cha upana wa kiganja, na chini yake mawe tena. Nilielewa maana yake: korongo limemwaga, watu wakasahau, majani yakaota, likamwaga tena. Lakini dada yangu angesema udongo ni udongo. Nilimjua. Nikasema tuchimbe.

Jumatano, karibu saa nane mchana, tulikuwa tumepita mita moja na themanini. Chini ya mawe ya pili kulikuwa na tope lililoganda, la kijivu, na chini ya tope udongo mweusi mwingine. Barthélemy alisimamisha sururu hewani.

"Mama," aliniambia, na hajawahi kuniita hivyo. "Leta mikono."

Tulifukua kwa vidole. Yalikuwa mafiga matatu, yamesimama jinsi mwanamke anavyoyasimamisha, hayakusogea hata kidogo. Katikati kulikuwa na mkaa, mweusi, unapaka mkono. Na juu ya mafiga, kimepondwa kikawa vipande lakini kila kipande mahali pake, kulikuwa na chungu.

Nilimtuma mtu wa kwanza niliyemwona amwite Emérence. Alikuja na Papa Kagabo nyuma yake na nusu ya kijiji nyuma ya Kagabo. Alishuka ngazi kwa viatu vyake vya shule, akachutama, akapangusa tope kwa ncha ya kitenge chake.

"Nani alikaaka hapa?" aliuliza mwishowe.

"Baba ya baba yangu alikuta hapa majani tupu," alijibu Kagabo kutoka juu. "Hakuna muntu hata mumoja. Hatujasikiaka jina ya muntu wa hapa."

Emérence alikuwa bado ameshika kipande cha chungu. Yeye ni mpishi wa watoto watano na mlezi wa mia mbili na kumi. Hakuhitaji nimweleze.

"Chungu ilikuwa ku moto," alisema taratibu. "Balikuwa banangojea kula."

Akarudisha kile kipande mahali pake, kwa uangalifu, kana kwamba mwenyewe angerudi kukiulizia. Akapanda ngazi. Juu, vigingi na kamba za msingi vilikuwa vimeshapangwa na mafundi. Alivipita kimoja kimoja akiving'oa, na alipomaliza alikuwa na mzigo wa kuni mikononi.

"Wapi?" aliniuliza.

Nilijua swali hilo linakuja. Nilikunjua ramani juu ya kifusi, nikaweka kidole changu kilichofungwa kitambaa kwenye lile bega la mlima.

"Hapa hakuna rangi," alisema.

"Ni kijani, yaya. Niliacha kupaka."

Alitazama vizuri. Nikaona anatambua njia ya kanisani, kisha mteremko, kisha mahali pale.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu mwezi wa tano."

Nilitegemea kofi. Nilitamani kofi. Yeye alisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hata kaburini kwa mama hakuitumia:

"Tuliongea kila siku tangu mwezi wa tano. Ulikula kwangu. Ningekuwa nimeshajenga, Josiane. Ulitaka nizike batoto ya bantu juu ya kulinda maharage?"

Nililia tu, mbele ya Kagabo na Barthélemy na wazazi wote, wala sikujificha.

Emérence aliweka vigingi begani, akaanza kupanda. Mlima ni mrefu kutoka Kihira mpaka juu ya kanisa, mwendo wa saa nzima, na alipanda bila kupumzika. Tulimfuata. Papa Kagabo alipumua kama mvukuto lakini hakubaki nyuma.

Shamba lilikuwa limechanua. Mistari ya maharage ilienda sawasawa mpaka ukingoni, maua meupe na ya zambarau, bado mwezi mmoja na kidogo kabla ya kuvuna. Ardhi chini ya miguu ilikuwa tuli. Dada yangu alisimama pembeni, akatazama shamba lote, upande hadi upande, kama mtu anayehesabu. Kisha akachomeka kigingi cha kwanza kwenye kona, akakipiga kwa jiwe mpaka kikaingia.

"Salongo, kazi ya bote, inaanza kesho asubui," aliwaambia wazazi. "Kila muntu na jembe yake." Kisha akanigeukia. "Lakini mustari ya kwanza unang'oa weye. Leo."

"Yaya, yana maua."

"Minaona maua. Ng'oa."

Niliinama na viganja vyangu vilivyochubuka, nikashika shina la kwanza karibu na udongo, nikang'oa. Likatoka na mizizi yake yote. Nikashika la pili. Nilipofika katikati ya mstari nilisikia mwingine anang'oa mstari wa jirani, na sikuhitaji kugeuka kujua ni yaya.